Milioni, 999,999 au 720,720: kikundi kiandike hisa ngapi?

Huku kwetu Mbeya watu wananunua vitu kwa pamoja sana siku hizi, wa Kyela wanachanga mashine ya kukoboa mpunga, wa Rungwe wanachanga shamba la parachichi, wa Isyonje pampu ya kumwagilia viazi, na kila kikao kikifika kwenye kuandika katiba linakuja swali ambalo watu wanalipita haraka haraka kama vile halina uzito: huu umiliki wote tuugawe kwenye hisa ngapi? Karibu kila mtu anajibu milioni moja, basi imeandikwa, chai imeletwa, kikao kimeisha. Mimi nafundisha hesabu na hili swali huwa linanigusa sana, maana hiyo namba mkishaiandika mtaishi nayo miaka, watu wataongezeka, watu watafariki, watoto watarithi, na namba mliyoichagua kwa dakika mbili ndiyo itakayoamua kama mgao utatoka safi au mtaanza kugombania vipande. Kwa hiyo nimechukua tatu, milioni yenyewe, 999,999 na 720,720, tuziangalie upande kwa upande.

Kwanza tukubaliane tunapima nini. Ukubwa wa namba hapa hausaidii kitu, kwa kikundi cha watu ishirini laki saba na milioni ni mamoja, kinachofanya kazi ni vigawo, yaani zile namba zinazoigawa bila kubakiza. Ili uvijue unaivunja namba mpaka ifike kwenye namba tasa, zile ambazo hazigawanyiki isipokuwa kwa moja na kwa zenyewe, 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Ukishaivunja hivyo umeijua tabia yake yote, unajua ni watu wangapi wataweza kugawana sawa na ni wangapi watabaki wanalalamika.

Milioni tunaipenda kwa sababu sifuri zimejipanga, ila ivunje uone. Milioni ni 10 ikizidishwa yenyewe mara sita, na 10 ni 2 mara 5, kwa hiyo ndani yake kuna 2 sita na 5 sita, basi, hakuna kingine. Hakuna 3 humo ndani, hakuna 7, hakuna 9 wala 11. Watu watatu tu wakitaka kugawana sawa milioni inawashinda, 333,333 kila mmoja na inabaki moja. Idadi ya vigawo unaipata kwa kuchukua kila kipeo, yaani namba tasa imejirudia mara ngapi, ukaongeza moja halafu ukazidisha, hapa vipeo ni 6 na 6, kwa hiyo 7 mara 7, vigawo 49. Sio vichache kwa kuvitazama hivyo, shida ni kwamba vingi ni vikubwa ambavyo hakuna kikundi kinachovihitaji, sijui nani atagawana watu 15,625.

Mfano ninaoutumia kila mara ni wa watu saba. Saba wananunua mashine, wametoa hela sawa, wameandika hisa milioni. Kalkuleta ya simu inakuletea 142,857.142857 na inaendelea, kwa hiyo mnaandika 142,857 kila mtu na inabaki hisa moja. Mama mmoja mweka hazina wa Tukuyu aliniuliza, "Sasa mwalimu, na hiyo moja anachukua nani?" Nikamwambia mama hapo ndipo penyewe. Watu wanasema hisa moja kwenye milioni ni nini bwana, mpe mwenyekiti, ila kama katiba yenu inasema kura zihesabiwe kwa hisa, siku wamehudhuria sita na wamegawanyika tatu kwa tatu, upande wenye yule wa hisa ya ziada umeshinda. Mlisema mko sawa na kwenye karatasi hamko sawa.

Sasa angalia kitu kizuri. Hiyo 142,857 ukiizidisha kwa 7 unapata 999,999 kamili. Yaani ukiitoa ile moja iliyobaki, namba nzima inabadilika tabia. 999,999 ni 999 mara 1001, na 999 ni 27 mara 37, na 1001 ni 7 mara 11 mara 13 (hii 1001 ishike, tutakutana nayo tena). Kwa hiyo ndani yake kuna 3 tatu, halafu 7, 11, 13 na 37, moja moja. Vigawo vyake ni 4 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2, jumla 64. Imepungua moja tu kutoka milioni na imeizidi vigawo 15.

Na kuna jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawaliamini mpaka walijaribu wenyewe: namba mbili zinazofuatana hazishei kigawo chochote zaidi ya moja. Kama 3 inaigawa 999,999 basi haiwezi kuigawa milioni, kwa sababu ingebidi iigawe na ile tofauti yao ambayo ni moja. Maana yake kwa kikundi ni kwamba kila idadi ya watu ambayo milioni inaiweza, 999,999 inashindwa, na kila ambayo 999,999 inaiweza, milioni inashindwa, bila hata mmoja wa katikati isipokuwa mtu akiwa peke yake. Wawili, milioni. Watatu, 999,999. Wanne na watano, milioni. Sita hakuna inayoweza. Saba, 999,999.

Hapo ndipo udhaifu mkubwa wa 999,999 unapoonekana, ni witiri. Mume na mke wakitaka nusu kwa nusu haiwezekani. Mwanachama mwenye hisa zake 142,857 akitaka kuuza nusu haiwezekani pia, maana namba witiri vigawo vyake vyote ni witiri, ukiikata vipande sawa vyovyote vile, kila kipande kinatoka witiri. Kwenye maisha yetu nusu ndiyo mgao unaotokea kuliko mingine yote, kwa hiyo hili kwangu ni kubwa sana, namba isiyokatika katikati siwezi kumshauri mtu aiweke kwenye katiba labda awe na sababu maalum, na sababu maalum moja ipo, nitaisema.

Ila uzuri wake lazima niuseme maana ni wa kweli. Moja ya saba ya 999,999 ni 142,857, mbili za saba ni 285,714, tatu za saba ni 428,571, nne ni 571,428, tano ni 714,285, sita ni 857,142. Tazama tarakimu, ni zile zile sita, 1, 4, 2, 8, 5, 7, zinazunguka tu kila moja inaanza na nyingine. Kwenye daftari la hisa hiyo ni ulinzi, mtu akiandika 428,751 kwa bahati mbaya jicho linaona kabla ya kalkuleta. Na ukikata yoyote kati ya hizo katikati ukajumlisha vipande, 142 na 857, au 428 na 571, unapata 999. Mimi darasani hapa huwa naacha somo lingine lote, watoto wanazidisha wenyewe mpaka kengele.

Haya, 720,720. Hii hakuna mtu anayeitaja kwenye kikao, haina sura ya kuvutia, lakini ndiyo ninayoipigania. Iandike uitazame, 720 halafu 720 tena. Namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili mfululizo ni sawa na kuizidisha kwa 1001, kwa hiyo hii ni 720 mara 1001, na 1001 tayari inakuletea 7, 11 na 13 bure. Na 720 yenyewe ni 1 mara 2 mara 3 mara 4 mara 5 mara 6. Ukiivunja yote unapata 2 nne, 3 mbili, halafu 5, 7, 11 na 13. Vigawo ni 5 mara 3 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2, jumla 240. Linganisha na 49 za milioni, na hii ni ndogo kuliko milioni kwa karibu laki tatu.

Hakuna namba yoyote chini ya milioni yenye vigawo zaidi ya 240. Zinazofika 240 ziko tano tu, na 720,720 ndiyo ndogo kuliko zote tano. Namba za aina hii, zenye vigawo vingi kuliko kila namba iliyo chini yake, Srinivasa Ramanujan wa India aliziandikia makala ndefu mwaka 1915 akiwa Uingereza. Na wazo la kuchagua namba ya jamii kwa vigawo vyake ni la kale zaidi, Plato wa Ugiriki alipopanga mji wake wa mfano alitaka uwe na kaya 5,040, sababu namba hiyo inagawanyika kwa kila kitu kuanzia 1 mpaka 12 isipokuwa 11, na akasema hata 11 ukitoa kaya mbili inakubali. Ni kweli, 5,038 ni 11 mara 458. Kwa hiyo hiki tunachokifanya hapa sio ubunifu wa mwalimu wa Mbeya.

Sifa yenyewe ya 720,720 kwa lugha ya shule ni kwamba ni KDS ya namba zote kuanzia 1 mpaka 16, yaani ni namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila moja kati ya hizo. Usiniamini mimi, jaribu. Kwa 16 angalia tarakimu nne za mwisho, 0720, na 720 ni 16 mara 45. Kwa 9 jumlisha tarakimu, 7 na 2 na 7 na 2 ni 18, imekubali. Kwa 5 inaishia na sifuri. Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayofanya zote tatu kwa mkupuo, igawe namba mafungu ya tarakimu tatu tatu kutoka mwisho, toa fungu moja kwenye jingine, jibu likigawanyika kwa 7 au 11 au 13 na namba nzima inagawanyika kwa hiyo hiyo. Hapa 720 kutoa 720 ni sifuri, na sifuri inakubali zote.

Migao yake inakaririka pia, na hili ndilo linalowafanya mama zetu waweka hazina waikubali. Unagawa 720 peke yake, jibu unaliandika mara mbili. Nusu ya 720 ni 360, kwa hiyo nusu ya zote ni 360,360. Theluthi ni 240,240. Robo 180,180. Moja ya tano 144,144. Moja ya sita 120,120. Moja ya nane 90,090, moja ya tisa 80,080, moja ya kumi 72,072, moja ya kumi na mbili 60,060, moja ya kumi na sita 45,045. Zinazotoka nje ya mtindo huo ni zile zinazogusa 7, 11 na 13, moja ya saba ni 102,960, moja ya kumi na moja 65,520, moja ya kumi na tatu 55,440. Hizo unaziandika nyuma ya daftari.

Sasa tuziweke pamoja kwa vikundi vya ukubwa wetu, kuanzia mtu mmoja mpaka thelathini, maana vikundi vingi havizidi hapo.

Milioni inakubali 1, 2, 4, 5, 8, 10, 16, 20 na 25. Tisa kati ya thelathini.
999,999 inakubali 1, 3, 7, 9, 11, 13, 21 na 27. Nane.
720,720 inakubali zote isipokuwa 17, 19, 23, 25, 27 na 29. Ishirini na nne.

Yaani kikundi kisichojua mwakani kitakuwa na watu wangapi, kwa 720,720 kimejikinga mara nyingi zaidi ya maradufu kuliko kwa milioni. Na kuongezeka ndipo inapopendeza zaidi. Chukua wale saba, kila mmoja ana 102,960. Akaja wa nane, analipa kiingilio, kila mmoja kati ya saba anampisha hisa 12,870 na wote wanakuwa na 90,090. Akaja wa tisa, kila mmoja anatoa 10,010, wote 80,080. Wa kumi, kila mmoja 8,008, wote 72,072. Unaenda hivyo hivyo mpaka wa kumi na sita ambapo kila mmoja anatoa 3,003 na wote wanabaki na 45,045, hakuna hata hatua moja iliyoacha hisa ya mkiani. Jaribu hiyo safari kwa milioni uone, saba inakwama, nane inakubali, tisa inakwama, kumi inakubali, kumi na moja mpaka kumi na tano zote zinakwama.

Na kwenye urithi pia. Tuseme mmoja wa wale saba amefariki ameacha watoto wanne, kila mtoto anachukua 25,740. Mmoja wao baadaye naye ana watoto watatu, kila mmoja 8,580. Mmoja wa hao akaja kuwaachia watano, 1,716 kila mmoja. Vizazi vitatu vimepita na bado ni namba kamili, hakuna kipande cha hisa, hakuna desimali kwenye daftari. Kwa milioni mngekwama siku ya kwanza kabisa.

Ikifika mtu wa kumi na saba namba inakataa, inabaki 5. Hapo mnapasua, kila hisa moja inakuwa kumi na saba, jumla inakuwa 12,252,240, hakuna aliyepoteza kitu kwa sababu wote wamepanda kwa kiasi kile kile, na hiyo namba mpya ndiyo KDS ya 1 mpaka 18. Mkutano mkuu unapitisha, mnaandika daftari jipya, mnaendelea.

Sasa niitendee haki milioni, maana kuna sehemu inashinda na inashinda vizuri. Yote niliyosema hapo juu ni kugawa umiliki. Kuna kugawa hela kwa kufuata umiliki, na hapo mambo yanageuka. Tuseme mwaka umeisha mashine imeleta faida ya shilingi 3,450,000. Kwenye hisa milioni kila hisa imepata shilingi 3 na senti 45, umesogeza nukta tu, mwenye hisa 62,000 anachukua 213,900, na mtu aliyeishia la saba anaweza kuihakiki akiwa amesimama. Kwenye 720,720 kila hisa imepata 4.7868 na desimali zinaendelea, ukikata kwenye 4.78 zinabaki karibu shilingi elfu tano hazina mwenyewe, na shilingi elfu tano isiyo na mwenyewe kwenye kikundi ni chanzo cha maneno. Dawa ni kutopiga hesabu kwa hisa moja moja, mwenye 60,060 ni moja ya kumi na mbili, kwa hiyo gawa faida kwa 12 anapata 287,500, imeisha, lakini hiyo inafaa kama wanachama wana mafungu yanayoeleweka. Kama kila mtu amenunua kadiri ya mfuko wake, huyu hisa 17,500, yule 41,250, usijisumbue, chukua milioni.

Ni hivyo hivyo wakati wa kuchanga. Mtaji ukiwa shilingi 20,000,000, hisa milioni maana yake shilingi 20 kwa hisa, aliyeleta laki tatu na nusu ana hisa 17,500, haina mjadala. Kwa 720,720 bei ya hisa moja inatoka na mkia wa desimali, labda mpange mtaji uendane na namba, mfano hisa moja shilingi 25 mtaji unakuwa 18,018,000, inawezekana, ila mnalazimisha bei ya mashine ifuate hesabu zenu na fundi hatakubali.

Na asilimia. 720,720 ina 5 moja tu ndani yake, kwa hiyo asilimia moja yake ni 7,207.2, sio namba kamili. Asilimia 5, 10, 20, 25 zinakubali, moja, mbili, tatu na nne zinakataa. Katiba yenu ikiwa imejaa maneno ya asilimia moja ya mwenyekiti, asilimia mbili ya mfuko wa msiba, hiyo namba itawapa kazi. Wanaotaka vyote viwili wazidishe kwa 5, wapate 3,603,600, hii asilimia moja yake ni 36,036, watu wa 1 mpaka 16 bado wanagawana na watu 25 sasa wanakubali.

Nilisema 999,999 ina sababu yake moja, ni mirathi ya Kiislamu. Mafungu ya mirathi yanaenda kwa nusu, robo, thumni (moja ya nane), theluthi na sudusi (moja ya sita), na kesi nyingi zinaingia kwenye 24. Hapo 720,720 iko vizuri sana, ukiigawa kwa 24 unapata 30,030, ambayo ni 2 mara 3 mara 5 mara 7 mara 11 mara 13, namba tasa sita za kwanza zote kwa pamoja, hili mimi hunifurahisha kila ninapolifikiria. Lakini kuna kesi mafungu yanazidi. Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama, mke thumni ambayo ni 3, mabinti theluthi mbili ambazo ni 16, baba 4, mama 4, jumla 27 wakati msingi ni 24, kwa hiyo msingi unapandishwa uwe 27 na kila mmoja anapungua kwa uwiano. Ni masuala maarufu, inasimuliwa kuwa Ali bin Abi Talib aliulizwa akiwa juu ya mimbari akajibu pale pale kwamba thumni ya mke imekuwa tusui, na kweli 3 ya 27 ni moja ya tisa. Sasa 27 ni 3 tatu, na 720,720 ina 3 mbili tu, inakwama. 999,999 inapita kama maji: mke 111,111, mabinti 592,592 kwa pamoja, kila mmoja 296,296, baba 148,148 na mama 148,148. Ni pazuri kweli kweli. Hata hivyo kikundi hakiandiki katiba kwa ajili ya kesi moja, na wenye wasiwasi na hilo wanaweza kupanda mpaka 10,810,800, ambayo ni 720,720 mara 15, inakubali 27 kwa 400,400, inakubali asilimia moja kwa 108,108, inakubali watu wote wa 1 mpaka 16, na vigawo vyake ni 480.

Kuna kijana wa chuo hapa mjini aliniambia mwalimu mbona umeacha namba tasa, 1,000,003 kwa mfano, au 999,983 ambayo ndiyo tasa kubwa kuliko zote chini ya milioni. Kwa hisa namba tasa ni mbaya kuliko zote, ina vigawo viwili tu, yeye peke yake au kila hisa na mtu wake. Wanaoandika programu ndio wanaozihitaji, wakitaka kutawanya taarifa kwenye nafasi nyingi zisirundikane sehemu moja wanapenda idadi ya nafasi iwe tasa, kwa sababu ile ile inayoifanya ifeli kwenye mgao, haina mpangilio wa pamoja na namba nyingine. Na kuhakikisha kwamba 1,000,003 ni tasa sio kazi ya kutisha, unajaribu kuigawa kwa namba tasa zilizo chini ya 1,000 tu, ziko 168, zote zikikataa basi ni tasa, maana kama ingekuwa na vigawo vingine, kimoja lazima kingekuwa kidogo namna hiyo. Kijana anayesoma kompyuta achukue hiyo, kikundi kisiiguse.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, wachangaji sawa kwa sawa, wanaotegemea kuongezeka na kurithishana, hawa wa mashine ya Kyela na wa parachichi za Rungwe, waandike 720,720. Wanaonunua kila mtu na uwezo wake na wanaogawana faida kila mwaka kwa hisa moja moja, wabaki na milioni, na kwenye katiba waandike kabisa kwamba hisa zinazobaki kwenye mgawanyo wowote ni za mfuko wa kikundi na hazipigi kura, hicho kifungu kimoja kinaziba lile tundu la mama wa Tukuyu. Wanaotaka asilimia na mgao sawa kwa pamoja, 3,603,600. Wenye Waislamu wengi ndani na wanaotaka kila kitu kikubali, 10,810,800, ni ndefu kuitamka ila kalkuleta haichoki. Na vyovyote mtakavyochagua, siku ya kusaini iandikeni kwa tarakimu na kwa maneno, laki saba na elfu ishirini na mia saba ishirini, maana sifuri moja ikidondoka kwenye fotokopi inakuwa 72,072, na hiyo nayo inagawanyika vizuri vizuri kiasi kwamba mnaweza msigundue haraka.